Nyumba ya Ufunguo Mmoja

Bawaba ya geti la chini ililia kabla hatujamwona mtu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti na madirisha ndiyo maisha yangu, na bawaba iliyonyimwa mafuta naielewa kama mama anavyoelewa kilio cha mwanawe. Mgeni husukuma taratibu, chuma kikanung'unika. Mwenye nyumba husukuma kwa goti, mikono imejaa mizigo, chuma kikakohoa. Huyu aliyekuja alisukuma kwa hasira, mara moja tu, kisha akalizuia geti kwa soli ya kiatu lisije likamrudia. Nikashtuka. Geti lile lina tabia mbaya ya kurudi. Asubuhi ile lilikuwa limening'ata kisigino mimi mwenyewe, fundi mageti, tena mbele ya mpenzi wangu. Huyu alijuaje?

Kisha vikaja viatu juu ya mawe ya njia, ko, ko, ko, bila kusita hata pale penye jiwe lililong'oka.

"Vina!" Mboni aliniita kutoka dirisha la juu, sauti imemnywea kama redio iliyoishiwa betri. "Vina, ni mama!"

Vina ndilo jina alilonipa yeye, kwa sababu maneno yangu hayapendi kutembea peke yake, kila moja linamtafuta mwenzake wa kufanana naye. Sikufundishwa ushairi na mtu. Mizani nilijifunza kwa nyundo, nikigonga chuma na kuhesabu, na mpaka leo sijamwona wa kunitisha. Yeye nilimwita Mboni tangu siku ya kwanza nilipoingia katika duka la miwani anapofanya kazi, jicho langu limechomwa na cheche. Alilifungua kwa vidole viwili, akalichungulia kwa ukali, akasema, "Kaka, macho hayauzwi dukani. Hapa tunauza miwani tu." Nikamjibu kwa beti mbili papo hapo. Alicheka, akavua miwani yake akaifuta, nami nikajua nimekwisha.

Sasa tulikuwa katika nyumba ile ya mawe, kijiji cha kando ya mto, nyumba kongwe ambayo siku hizi hupangishwa kwa watu wa mapumziko. Niliipanga Jumamosi na Jumapili, nikafika Ijumaa jioni kuipokea. Mpango wangu ulikuwa wazi kama mchana: Jumapili waje shangazi yangu na baba yangu mdogo, aje na mama yake Mboni, wakae ukumbini wazungumze kama watu wazima, nami nimwombe mwanawe mbele ya wote. Mboni alikuwa amekuja asubuhi kunisaidia kufagia na kutandika vitanda. Alipofika tu alimpigia mama yake simu kumwalika, lakini kwenye kilima kile mtandao ni wa kubahatisha, simu ikakatika katikati ya furaha yake.

Na hapo ndipo palipoharibika.

Nilifika mlangoni kabla hajagonga.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako iweke mfukoni. Yuko wapi mwanangu?"

"Yupo juu, mama, anatandika..."

"Anatandika!" Alipiga makofi mara moja, kavu. "Umesikia dunia hii? Anatandika! Nami nilidhani nitakukuta na aibu kidogo, hata ya kuazima."

Mama yake Mboni ni dobi. Ana duka lake la kufulia na kupiga pasi, na shati lililopita mikononi mwake hukaa wima kama askari wa gwaride. Siku zote alikuwa akinitazama kama doa ambalo bado hajaamua alitoe kwa maji ya moto au baridi. Lakini macho aliyokuja nayo siku ile sikuwahi kuyaona. Hayakuwa ya hasira tupu. Chini ya hasira palikuwa na mtu anayekimbia.

"Mama, sijui nimekosa nini."

"Hujui? Mwanangu kanipigia simu anacheka. Anacheka! 'Mama, Vina kanipangia nyumba! Nyumba ya mawe, kando ya mto, ina mlango mfupi!' Halafu simu ikakatika. Na roho yangu nayo ikakatika hapo hapo."

Hapo nikaelewa. Mtu akipanga nyumba, amepata pa kulala, na majirani humpongeza. Mwanamume akimpangia mwanamke nyumba, hapo majirani hushusha sauti. Mimi nilikuwa nimepanga. Mboni, kwa furaha yake, alisema kanipangia. Mizani zilizozidi unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vingine vikabaki, lakini zilitosha kunigeuza kutoka mchumba kuwa mhuni.

"Mama, nisikilize..."

"Nipishe."

Akanipita. Na hapo nikaona kitu cha kwanza.

Mlango wa nyumba ile ni mfupi, na jiwe lake la juu halina huruma. Paji langu la uso lilikuwa na nundu kama yai la njiwa. Mboni alikuwa na yake, ndogo, ameificha kwa nywele. Hata mtunzaji wa nyumba, mzee mmoja mwenye maneno mengi tunayemwita Bwana Historia, alijigonga wakati ananieleza kwamba waliojenga walitaka kila aingiaye ainame kwa heshima. "Nyumba hii ina..." alisema, gbu! "...ina adabu yake." Kisha akanikabidhi ufunguo, pande la chuma refu kama kijiko cha kupakulia. "Ni mmoja tu, kijana. Tangu enzi. Ukiupoteza, umepoteza historia."

Mama yake Mboni aliinama. Hakulitazama lile jiwe, hakupunguza mwendo. Shingo ilijikunja yenyewe, kama mtu anavyoinamisha kichwa akivaa shati, akapita, akanyooka upande wa pili huku bado ananisema.

"...na ushairi wako huo! Nilimwambia, mwanangu, mwanamume wa maneno matamu ni kama sabuni ya harufu nzuri. Povu jingi, uchafu uko pale pale!"

Aliingia jikoni. Akauvua mkoba begani, akautupa nyuma ya mlango bila kugeuka. Mkoba haukuanguka. Ulining'inia.

Nilichungulia. Nyuma ya mlango ule, gizani, mahali ambapo mtu hawezi kuona akiingia, palikuwa na msumari mkubwa wa kale. Nilikuwa nimefagia jiko lile asubuhi nzima na sikuuona.

"Mama," nilisema polepole, "umejuaje kuna msumari hapo?"

Aligeuka. Akautazama mkoba wake kama vile umemsaliti.

"Kila mlango una msumari nyuma yake."

"Mimi ni fundi wa milango, mama. Si kweli."

"Unanibishia?"

"Umewahi kufika hapa?"

"Sijawahi!" Alilisema haraka mno. Neno lilitoka limekunjwa, halijapigwa pasi.

Mboni alikuwa ameshateremka. Alisimama kwenye ngazi ya mwisho, gauni la kazi limelowa pindoni, kitambaa cha vumbi mkononi. Alinitazama kwanza mimi, na katika mtazamo ule mfupi nilisoma yote: samahani, nisaidie, nakupenda. Ningeweza kumbeba nikamvusha mto ule kwa miguu. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, umeelewa vibaya. Nilikosea kusema. Kapanga tu, siku mbili, kama wanavyopanga watu wa likizo. Kesho wanakuja shangazi yake na baba yake mdogo. Na wewe nilikuwa nakualika. Anataka kuzungumza nawe, mama. Kwa heshima."

Niliona mabega ya yule mama yanashuka kidogo. Kidogo tu.

"Wazee wake wanakuja?"

"Kesho mchana."

"Wanakuja, au kasema wanakuja?"

"Mama!"

"Leo siku gani?"

"Jumamosi."

Akacheka. Sijawahi kusikia kicheko cha namna ile, kilikuwa kama maji yanayoingia shimoni.

"Jumamosi," alisema. "Bila shaka. Ingekuwa siku gani nyingine?"

Mboni hakukiona nilichokiona mimi. Yeye aliona mama ameanza kupoa, basi akaharakisha kumpoza zaidi. Alimshika mkono, akamvuta hadi ukutani karibu na dirisha, pale zilipo alama za mafuriko. Ni mistari iliyochongwa kwenye mawe, kila mmoja na mwaka wake, kuonyesha maji ya mto yalifika wapi. Mwingine uko kifuani, mwingine kiunoni. Na mmoja, wa chini kuliko yote, uko juu kidogo ya goti, mfupi, umekwaruzwa tu, hauna mwaka.

"Tazama, mama. Bwana Historia anasema huu wa chini ndio wa kale kabisa, wa kabla watu hawajaanza kuandika miaka. Vina kautungia shairi! Vina, msomee mama."

Ningekataa. Mtu mwenye akili angekataa. Lakini shairi lile nilikuwa nimelilalia na kuliamkia, ndilo nililokusudia kumwombea mwanawe kesho, na nilijua ni zuri. Nikakohoa, nikaweka mkono ukutani.

"Maji yalipopandia, ukuta yakaukuna,
Alama yakaachia, isiyo mwaka na jina,
Na penzi lilinijia, moyoni likanichana,
Mboni wangu, nakwambia..."

"Mafuriko gani?"

Alisema kwa sauti ndogo sana.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya ukuta. Kidole chake, kile kidole kilichochubuliwa na sabuni miaka yote, kilikuwa kinapita juu ya ule mkwaruzo, kwenda na kurudi.

"Mafuriko gani, nyie watoto? Haya siyo maji." Hakuinua uso. "Huyu ni wewe, mwanangu."

Nje mto ulikuwa unapita. Sikuwahi kuusikia kwa nguvu namna ile.

"Ulikuwa umeshika mguu wa meza. Meza ilikuwa hapa. Ukaachia. Ukasimama peke yako, ukanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekusukuma. Nikachukua mkasi, nikachora juu ya kichwa chako, ili akija Jumamosi nimwonyeshe."

"Nani?" Mboni aliuliza. "Akija nani?"

"Baba yako."

"Baba alikufa kabla sijazaliwa."

Kidole cha mama yake kiliendelea kwenda na kurudi juu ya mkwaruzo.

"Mama. Baba alikufa safarini, kabla sijazaliwa, na mimi nilizaliwa hospitali ya mjini. Umenisimulia mwenyewe. Tangu nina akili unanisimulia."

"Ulizaliwa chumba cha juu. Chenye dirisha la mtoni."

Chumba cha juu, chenye dirisha la mtoni, ndicho alichokuwa akitandika. Mboni alikitazama kitambaa cha vumbi mkononi mwake, kisha akakiweka mezani kwa uangalifu mkubwa, kama kitu cha kioo.

"Haikuwa nyumba ya likizo wakati ule," mama yake alisema. Bado alikuwa amechuchumaa, anauambia ukuta. "Ilikuwa nyumba kuukuu ya mawe ambayo hakuna aliyeitaka. Yeye aliipanga. Alinipangia. Niliwacheka wenzangu. Niliwaambia, ninyi mnaahidiwa, mimi nimepangiwa! Alikuwa akija Jumamosi. Kisha akawa akija Jumamosi moja na kuruka nyingine. Alikuwa na mke, alikuwa na watoto, nililijua hilo wewe ukiwa tayari tumboni. Akasema atalirekebisha. Akasema Jumamosi ijayo. Nikakaa. Nikafua nguo za watu hapo mtoni, juu ya lile jiwe bapa, tupate kula. Mpaka siku moja nikafunga nguo zako kwenye shuka, nikaondoka."

"Alikufa lini?"

"Sijui kama kafa."

"Mama!"

"Nilimuua mimi. Kwa mdomo wangu. Nilimzika kwa maneno, mwanangu, ili wewe uwe yatima mwenye heshima, usiwe mtoto wa mwanamke aliyepangiwa."

Mboni alivua miwani. Mimi namjua: akivua miwani hataki kuona. Aliifuta, akaifuta tena, wakati haina hata chembe ya vumbi.

"Na picha?" aliuliza. "Picha ya baba, pale ukumbini kwetu nyumbani. Ya nani?"

Hapo, kwa mara ya kwanza, yule mama aliinua uso. Na nikaapa moyoni kwamba sitaki tena kuona uso wa mtu ukiwa uchi kiasi kile.

"Sijui ni ya nani."

"Hujui?"

"Nilikuwa nafua mapazia ya mpiga picha mmoja. Alikuwa na picha za watu ambao hawakurudi kuchukua. Nikamwomba moja. Nilimchagua yule kwa sababu alikuwa na uso wa upole."

Niliuma ulimi. Nilikuwa nimekwishaiona picha ile. Ni ya bwana mmoja aliyevaa tai na miwani ya duara. Na nilikuwa najua kitu ambacho Mboni alinieleza siku moja tukitembea, mkono wake ndani ya mkono wangu: kwamba alichagua kazi ya miwani kwa ajili ya yule bwana. Kwamba alipokuwa mdogo alisimama juu ya kiti, akamwahidi atamtengenezea nyingine nzuri zaidi.

"Kila asubuhi nimemwamkia," Mboni alisema polepole. "Kila asubuhi, mama. Nikitoka shuleni nilimwonyesha daftari langu. Nimesomea miwani kwa sababu yake. Mgeni! Mteja wa mtu!"

"Baba yako hakuvaa miwani," alisema mama yake. "Aliona vizuri tu. Ila aliona mbali, wa karibu hakuwaona."

Mboni alivaa tena miwani yake, akanigeukia. Nilinyoosha mkono. Hakuushika. Alinitazama kama mtu anavyomtazama fundi asiyemjua aliyekuja kupima dirisha. Mtazamo ule ulinichoma kuliko cheche zote zilizowahi kunirukia.

"Na wewe?" aliniuliza. "Jumamosi yako wewe ni ipi?"

"Mboni!"

"Umenileta hapa. Katika nyumba zote za dunia umenileta hapa, na shairi juu."

"Sikujua! Ningejuaje?" Damu ilinipanda kichwani. Mimi ni mtu wa moto, sikatai. "Mimi siye yule bwana! Nisihukumiwe kwa kosa la mtu nisiyemjua hata jina! Shangazi yangu anakuja kesho, kama hamwamini nampigia sasa hivi! Mbele ya mto huu na mawe haya, ninaahidi..."

"Usiahidi!" Mama yake alinyanyuka wima. "Usithubutu kuahidi humu ndani. Nyumba hii imeshiba ahadi, kijana. Hata yeye aliyasema hayo hayo. Mbele ya mto huu, mbele ya mawe haya. Tena yake yalikuwa na vina kuliko yako."

Nimewahi kupigwa. Nimewahi kuanguka kutoka juu ya ngazi nikiwa na bomba la chuma mkononi. Sijawahi kukosa pumzi kama nilivyokosa pale. Shairi langu lote, mizani kwa mizani, lililala sakafuni kama nyavu tupu.

Mboni alitoka. Alisahau kuinama, tukasikia jiwe likimpokea, gbu, na hakulia, akaendelea kwenda.

Nilitaka kumfuata. Mama yake aliniwekea mkono kifuani.

"Mwache. Atakwenda kukaa kwenye jiwe la kufulia."

Nilichungulia dirishani. Kweli, alikuwa ameshafika mtoni, amekaa juu ya jiwe bapa, miguu ndani ya maji. Mama yake hakuchungulia.

"Kila mwanamke wa nyumba hii huishia pale," alisema.

Tulikaa jikoni, mimi na mwanamke ambaye asubuhi ile nilimwogopa na sasa sikujua nimwite nani. Niliwasha jiko, nikabandika maji ya chai, kwa kuwa mikono yangu haijui kukaa bure. Nilimpa kikombe. Alikishika bila kunywa.

"Mama," nilisema, "kwa nini hukuondoka mapema? Si kwa ubaya nauliza. Kwa nini hukurudi kwa wazazi wako siku ile ile ulipojua ana mke?"

Alinitazama usoni. Nadhani alikuwa anatafuta kama kuna dharau mahali. Hakuiona.

"Utacheka."

"Sitacheka."

"Ufunguo. Ulikuwa mmoja, na alikaa nao yeye. Mimi nilikuwa na komeo la ndani tu. Ningeondoka, mlango ungebaki wazi, na vitu vyote vilikuwa vyake, na nilikuwa msichana mdogo, niliogopa kuitwa mwizi." Alitikisa kichwa. "Watu hudhani mwanamke hufungiwa ndani ndipo anakuwa mfungwa. Mimi mlango wangu haukuwahi kufungwa. Ndiyo sababu sikuweza kutoka."

Sikucheka. Niliingiza mkono mfukoni. Lile pande la chuma lilikuwa pale, zito, limepata joto la mwili wangu. Tangu jana lilikuwa mfukoni mwangu. Asubuhi Mboni aliniomba aende dukani kununua sabuni, nikamwambia, nenda tu, mimi nipo, ufunguo ninao. Nilisema bila kufikiri. Nilisema kwa mapenzi kabisa. Nikauhisi ufunguo unanichoma paja.

Mboni alirudi na miguu iliyolowa, akaacha nyayo za maji jikoni. Safari hii aliinama mlangoni. Macho yalikuwa mekundu lakini kidevu kimenyooka, na nundu ya pili ilikuwa inachomoza juu ya ya kwanza.

"Mama," alisema, "nina hasira nawe. Nitakuwa nayo kesho, na sijui itaisha lini. Utanisimulia kila kitu upya, tangu mwanzo, na safari hii bila marehemu."

"Nitakusimulia."

"Lakini sitaondoka na wewe kwa hasira. Wala sitabaki na huyu kwa hasira." Akanigeukia. "Vina. Mama kasema usiahidi humu ndani, na ni kweli, usiahidi humu. Lakini mimi nina swali, na nataka jibu ambalo hata mjinga wa vina angeweza kulitoa. Umesikia ya nyumba hii. Utafanya nini?"

Mdomo wangu ulifunguka, na kwa mazoea maneno yakaja yamepangana wawili wawili, yamevaa nguo nzuri. Nikayafukuza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliyafukuza yote. Nikatoa ufunguo mfukoni. Sikumpa Mboni. Nilimpa mama yake, kwa mikono miwili.

Aliupokea kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu.

"Ni ule ule," alinong'ona. "Una hili pengo kwenye jino."

"Leo nitalala kwa Bwana Historia," nilisema. "Atanisimulia uongo mpaka asubuhi, ndiyo adhabu yangu. Nyinyi wawili mna mazungumzo, na nyumba ni yenu. Ufunguo huo ukae kwako."

Yule mama aliugeuzageuza mkononi. Aliutazama ufunguo, akautazama mlango. Kisha akachukua mkoba wake kwenye msumari, akatuambia, "Tokeni."

"Mama?"

"Tokeni nje, wote wawili. Kuna kitu nataka kufanya."

Tulitoka, mmoja mmoja, tukiinama. Alitoka wa mwisho. Aliuvuta mlango, akaingiza ufunguo kwa nje, chuma kikagonga chuma. Nikataka kumsaidia, Mboni akanishika kiwiko. Alikuwa amenishika! Kitasa kilikataa, kikakataa tena, kisha kikasema kwa sauti nzito, kla!

Mama yake Mboni alisimama mbele ya mlango ule aliokuwa ameufunga mwenyewe, kwa nje, na nyumba tupu ndani. Alishusha pumzi. Pumzi ile ilikuwa na umri wa mwanawe.

"Kumbe ni rahisi hivi," alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuyafuta, yeye ambaye haachi tone likauke juu ya kitu.

Kisha akaugeuza mkono wa Mboni, akamwekea ufunguo kiganjani, akamfumba vidole kimoja kimoja. Akanigeukia mimi. Yale macho ya kutazama doa yalikuwa yamerudi, lakini sasa nadhani alikuwa ameshaamua ni maji ya namna gani.

"Sasa tupo nje," alisema. "Huku hakujashiba bado. Kama una neno, sema. Moja tu. Na nikisikia kina hata kimoja, naondoka na mwanangu."

Mboni alikuwa ananitazama kupitia kioo cha miwani, hajaivua. Alitaka kuona. Nilizitazama nyayo zake za maji zikikauka juu ya jiwe la mlangoni, nikalitafuta neno, na lilipokuja lilikuwa limevaa ovaroli, lina masizi.

"Mama," nilisema, kwa sauti ambayo mto haukuweza kuifunika, "mimi ni fundi milango, na ninakuahidi hivi: kila nyumba nitakayoishi na mwanao itakuwa na funguo mbili, na wa kwanza utakaa mkononi mwake kabla sijashika wangu."